Muziki wa Ukungu kwa Watu Wanne

Mwalimu wa Kwaya hakutembea katikati ya barabara. Alipita pembeni, kwenye majani, kwa sababu alisema mtu anayekanyaga changarawe anajisikia mwenyewe tu. Hapa Karatu barabara ni vumbi jekundu wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika, kwa hiyo pembeni ndiko kuzuri kwa kila mtu. Lakini yeye alifanya hivyo kwa ajili ya masikio, si kwa ajili ya viatu. Gari la watalii likipita kuelekea kreta, lile bonde la wanyama, alisimama, akageukia shamba la watu na kuziba masikio kwa viganja, hadharani kabisa, kama mtoto. Watu walimcheka. Na mimi nilimcheka.

Nimejaribu kumwandika mzee huyu mara kadhaa na kila mara nikachana karatasi. Nilisoma mpaka darasa la nne, na kazi yangu ni cherehani. Mambo ya muziki siyajui isipokuwa yale aliyonifundisha mwenyewe, na nusu yake nimeyasahau. Basi nitaweka ninayoyakumbuka, na aliyekumbuka vingine naye ana haki yake. Ila jambo moja nina hakika nalo, maana alilisema mbele yangu zaidi ya mara moja. Alikuwa ametunga muziki wa watu wanne, usio na maneno, na alitaka upigwe mbele ya watu mara moja tu, toka mwanzo hadi mwisho, pamoja na vituo vya kimya alivyoviweka ndani. Hakutaka zaidi ya hapo. Hakuzungumzia kwenda nao Arusha wala kupelekwa redioni. Mara moja tu, watu wakae, wasikie, wanyamaze panapotakiwa kunyamaza.

Masikio yake yalikuwa ya ajabu, na wakati mwingine yalikuwa kero. Alitutambua kwa nyayo. Ukiwa bado nyuma ya ua wa minyaa unasikia, "Karibu Fundi, kisigino cha kushoto kinataka kung'oka." Unaangalia, kweli. Mkewe, Mama Mwalimu, alikuwa anasema, "Mume wangu mimi ananijua kwa sufuria. Nikinyoa nywele leo atamaliza mwezi hajaona, lakini nikibadilisha mwiko anauliza." Alisema hivyo akicheka, ila siku nyingine alisema bila kucheka, na naona ni haki niandike zote mbili.

Alikuwa mkali. Kwaya ilikuwa na mama mmoja mwenye sauti kubwa, mama wa watu, mtoaji mzuri kanisani, wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Siku moja Mwalimu alisimamisha wimbo akamwambia mbele ya wote, "Mama, wewe uwe unaimba moyoni." Yule mama alilia mpaka kitambaa cha kichwani kikalowa. Nilimchukia Mwalimu siku ile. Baadaye mwaka huohuo mtoto wa yule mama aliungua uji mguuni, na aliyembeba mgongoni mpaka dispensari alikuwa Mwalimu, akipita kwenye majani ili asimtikise. Nilipomsifu alinijibu, "Mtoto analia kwenye noti ya fa. Ningemwacha vipi?" Sikujua kama ni mzaha. Mpaka leo sijui.

Alifundisha kwa zile herufi za do re mi, akiziandika ubaoni kwa chaki, mstari kwa mstari, kila sauti na mstari wake. Tukikimbilia mwisho wa wimbo alipiga ubao kwa kiganja: "Polepole! Hatuendi mnadani!" Maana siku ya mnada Karatu nzima inakimbia, na ng'ombe nao wanakimbia. Yeye mwenyewe mnadani hakukanyaga. Aliogopa ng'ombe, Mwiraqw mzima, mtu wa kabila la wafugaji, na mkewe ndiye aliyekamua. Punda lakini aliwapenda. Alisema punda ni mwimbaji wa pekee tuliye naye, kwa kuwa anaimba akivuta pumzi na anaimba akiitoa, kama kinanda.

Wazo la watu wanne alilipata chuoni, ujana wake, kwenye santuri ya mzungu mmoja mwalimu. Alituhadithia hivi: alikuwa anafagia varanda, akasikia mle ndani vyombo vinne vya nyuzi vinazungumza, na hakuna hata kimoja kilichokuwa mkubwa wa mwenzake. Kimoja kinaanza neno, kingine kinalimalizia, cha tatu kinabisha, cha nne kiko chini kabisa kinaguna tu. Akasimama na ufagio mkononi mpaka santuri ikaisha.

"Kwaya ni mkutano wa hadhara," alisema. "Ni nzuri, lakini ni mkutano. Hawa wanne walikuwa jikoni. Wamekaa kwenye vigoda, moto uko katikati, wanaongea mambo yao, na wewe umebahatika tu kuwa karibu na mlango."

Basi miaka mingi baadaye akatunga ya kwake. Na alichokitunga ni ukungu.

Kwa asiyejua: ukipanda kutoka kwetu kuelekea kreta, juu kule msituni, asubuhi hakuna dunia. Uko na mti mmoja mbele yako, mara mti umekwenda. Umesikia ndege, humwoni. Umesikia kengele ya ng'ombe shingoni, huoni ng'ombe, huoni mchungaji, halafu kengele nayo inazama. Unabaki wewe na baridi. Kisha mti unarudi, ukiwa na matone, na huna hakika kama ni uleule. Mwalimu alikuwa anapanda huko akiwa na blanketi na kikombe cha bati, anakaa kwenye kisiki mpaka jua litoboe, anateremka hajasema neno. Alisema ukungu hauondoi kitu, unakunyima tu kidogo, na kile kipindi cha kunyimwa ndicho alichotaka kukiweka kwenye muziki. Kwa hiyo vyombo vinazungumza, vinazama, kimya. Vinarudi, vinazama, kimya kirefu zaidi. Na cha mwisho kirefu kuliko vyote, halafu sauti tatu ndogo, basi.

Mimi niliingia kwa sababu ya miguu. Kanisani kulikuwa na kinanda cha kukanyaga, na vijana aliojaribu kuwafundisha walikuwa wanakanyaga vizuri mpaka vidole vianze kazi, hapo miguu inasahau na kinanda kinakata roho. Siku moja alikuja kuchukua suruali aliyoleta kupunguzwa. Nilikuwa nashona huku nabishana na mteja juu ya kola. Mwalimu hakuketi. Aliinama akaangalia chini ya meza.

"Fundi, miguu yako inajua kwamba unagombana?"

"Shikamoo Mwalimu. Haijui."

"Marahaba. Kesho saa kumi njoo kanisani."

"Mwalimu, mimi sijui hata do iko wapi."

"Do nitakuonyesha. Miguu siwezi kumfundisha mtu."

Ndivyo nilivyokuwa mpiga kinanda. Sikuwa mzuri. Nasema hivyo si kwa unyenyekevu, niliambiwa.

Fidla alipiga mwenyewe. Mzungu mmoja wa misheni aliporudi kwao aliiacha, ikiwa na ufa ubavuni, na Mwalimu aliuziba kwa gundi ya seremala. Miaka ile ilikuwa ya shida, hata sabuni ya kipande ilikuwa habari, na mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa, kwa hiyo uzi wa fidla ungeupata wapi? Alichambua waya wa breki ya baiskeli, unywele mmojammoja. Ilitoa sauti nyembamba yenye kutu kidogo, na yeye alisema ni afadhali, ukungu wenyewe hauna sauti nono.

Upinde nao ulikuwa umeisha nywele. Akamwendea Lazaro, Mmaasai wa upande wa Endulen aliyekuwa analeta punda wake na magadi na ngozi mpaka kwetu.

"Naomba mkia wa punda wako," Mwalimu akamwambia.

Lazaro akamtazama. "Mwalimu, halafu punda afukuze nzi kwa mdomo?"

"Si mkia wote. Nywele."

"Za nini?"

"Za kupigia muziki."

"Muziki wa punda?"

"Wa watu. Punda anachangia."

Lazaro alikubali kwa sharti moja, kwamba aende mwenyewe akaone nywele za punda wake zinafanywa nini. Akaja kanisani na rubega yake na fimbo, akasimama mlangoni. Mwalimu alipovuta upinde mara ya kwanza Lazaro alicheka mpaka akachuchumaa. Halafu akanyamaza. Halafu, akiwa palepale amechuchumaa, akaanza kuguna chini ya ile sauti, kwa koo, kama wanavyofanya kwao mwimbaji akiwa mbele na wenzake wako nyuma yake wanavuta pumzi nzito. Mwalimu hakugeuka. Alisema tu, "Usiache." Ndiye alikuwa wa nne.

Wa tatu alikuwa Gwandu, mkulima wa Endabash, mpiga filimbi. Huyu na Lazaro walitaniana toka siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Gwandu akifika anahesabu vitu vyake kwa sauti: kofia ipo, jembe lipo, filimbi ipo, "Nahesabu mapema, kuna Mmaasai humu." Lazaro anamjibu, "Filimbi yako baki nayo. Mimi nitachukua ng'ombe, ambao hata hivyo ni wangu, Mungu alikuazima tu." Mwalimu aliwaacha mpaka wachoke. Alisema hapo ndipo jikoni penyewe.

Tulifanya mazoezi jioni kabla jua halijazama, muda mrefu, misimu miwili ya maharage kama sikosei. Sauti tulizijua mapema. Kilichotushinda ni vile vituo vya kimya. Ubaoni alivichora kama visanduku vitupu, na kila mara mmoja wetu aliingia kabla. Mimi nilikuwa mbaya kuliko wote, nadhani kwa sababu cherehani haina kisanduku kitupu. Ikisimama, nguo haijaisha. Gwandu alisema akinyamaza muda mrefu hivyo anajiona amesahau kitu nyumbani. Mwalimu hakugomba, na hilo lilinishangaza, yeye aliyekuwa anagombana na kwaya kwa pumzi moja iliyozidi. Alikaa tu na upinde hewani, macho amefumba, mpaka hofu ikatutoka. Ikafika siku tukakaa wote wanne ndani ya kile kimya cha mwisho na hakuna aliyekimbia. Nje kondoo walikuwa wanarudi. Nilihisi kama ninaelea. Sina neno jingine, na hilo nalo nalionea haya.

Nilimwuliza siku moja kwa nini tusiupige hapo hapo, sisi wenyewe, ukawa umepigwa. Akasema, "Hayo ni mazoezi. Muziki usiosikilizwa na mtu ni mazoezi." Alitaka wasikilizaji, na aliwataka wawe watu wa kwetu. Hilo nalisema kwa sababu baadaye wapo waliodai aliwadharau.

Sasa nifike kwenye ile sikukuu ya mavuno.

Ukumbi wa kanisa ulijaa. Mbele walikaa wazee, wengine Wakristo, wengine wazee tu wa vijijini waliokuja kwa heshima ya mavuno. Mbele yao mahindi, ngano, maboga, kuku waliofungwa miguu. Kwaya iliimba, watu wakapiga makofi. Kisha Mwalimu akatangaza kwamba sasa utapigwa muziki wa watu wanne, hauna maneno, unaitwa Ukungu, tusikilize. Hakusema zaidi. Nimefikiri sana juu ya hilo. Angeweza kusema zaidi.

Hapa lazima nieleze desturi moja, la sivyo msomaji wa mbali hataelewa. Sisi Wairaqw mzee akisimama kuomba ile dua ndefu ya kwetu, slufay, hasemi peke yake. Anasema kipande, na waliokaa wanaitikia, midomo imefungwa, mguno wa chini, hmmmm, wote pamoja. Anaendelea, wanaitikia. Kumwacha mzee aseme maneno mazito halafu kimya kitande ni kama kumwambia hatuko na wewe. Ni aibu kwake na ni hatari kwetu sote, kwa maana anachoombea ni mvua na watoto na mifugo.

Tukaanza. Fidla, ile sauti yake yenye kutu. Filimbi ikajibu. Mimi chini yao, miguu yangu iko salama. Kisha Lazaro akaguna kwa koo, chini kabisa, na sote tukazama. Kimya cha kwanza.

Ukumbi ukatulia. Nilisikia kuku. Nikamwona mzee mmoja wa mstari wa mbele, rika la baba yangu, anaangalia huku na huku, anawaangalia wenzake kana kwamba kuna mtu ameanguka na hakuna anayemwinua. Halafu, kwa upole kabisa, akaitikia. Hmmmm.

Wazee wenzake wakamfuata. Kwa nini wasifuate? Mbele yao Mwalimu, mzee wa heshima, alikuwa amesimama na wenzake, amesema jambo zito kwa sauti ya kuomba, na Lazaro ameguna mwishoni kuwaonyesha pa kuitikia. Hivyo ndivyo walivyosikia. Sisi tukaingia kipande cha pili, na kilipozama, nusu ya ukumbi iliitikia. Kipande cha tatu ukumbi mzima, akina mama, vijana, mpaka viti vilitetemeka. Nimewahi kusikia mvua ikija kutoka mbali juu ya mahindi, ilikuwa hivyo.

Nitasema ukweli wangu: mimi nilifurahi. Nywele zilinisimama. Nilimwangalia Mwalimu nikidhani naye amefurahi.

Alikuwa ameteremsha upinde. Akasema kwa Kiiraqw, kisha kwa Kiswahili, kwa sauti ile ya kwaya, "Nyamazeni!"

Hakuna mtu kwetu anayewaambia wazee wanyamaze. Wakati wa kuitikia ndiyo usiseme. Mguno ulikatika kama uzi. Yule mzee wa mbele akachukua fimbo yake, akasimama, akatoka, na wengine wakatoka nyuma yake bila fujo yoyote, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko fujo. Lazaro aliniuliza kwa kunong'ona, "Imeisha?" Gwandu akamjibu, "Imekwisha kweli."

Mwalimu aliitwa na wazee wa kanisa. Sikuwepo, naandika alivyonisimulia Mama Mwalimu, ambaye alikaa nje ya dirisha akichambua mboga.

"Uliwanyamazisha wazee," wakamwambia.

"Niliandika kimya pale. Wao wakakijaza."

"Ulikuwa unaomba?"

"Sikuwa naomba. Nilikuwa napiga muziki."

"Sawa. Ulipokuwa unapiga, ulikuwa unasema na nani?"

"Na wao."

"Basi si walikujibu?"

Wakamwomba kitu kidogo tu, aende kwa yule mzee amwombe radhi, mambo yaishe. Akasema atakwenda kumsalimia, atampelekea asali, lakini radhi kwa kile kimya hawezi kuomba, kwa sababu hakikuwa kosa. Wakamsihi. Akakataa. Kwaya ikapewa kijana mwenye gitaa.

Nimewasikia watu wakimwita Mwalimu mwenye kiburi, na nimewasikia wengine wakiwaita wale wazee washamba. Sikubaliani na yeyote kati yao. Wazee walimfanyia heshima kubwa kuliko zote walizokuwa nazo. Yeye naye alikuwa ameomba kitu kimoja tu maishani, wakampa kingine. Ningepewa kesi hiyo niamue, ningeahirisha.

Baada ya hapo tulitawanyika. Gwandu alihamia Basotu kutafuta shamba. Lazaro, ukame ulipokaza, alishuka na mifugo Olbalbal na hakuonekana tena kwetu na punda wake. Mwalimu alinikuta njiani mara kwa mara, yeye kwenye majani, mimi kwenye vumbi, na kila mara aliuliza kuhusu kinanda kama kinavuta pumzi vizuri. Hakutaja ukumbi. Mwishowe kifua kilianza kumsumbua, na mwanawe, aliyekuwa mhudumu katika hospitali ya misheni ya Endulen, akaja kumchukua akae karibu naye.

Ilipita miaka. Nilikwenda Endulen kwa ajili ya mashuka. Walihitaji mtu wa kuyakata na kuyakunja pindo palepale, nikapakiwa kwenye lori pamoja na cherehani yangu. Juu ukingoni mwa kreta hatukuona kitu, dereva aliendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha. Tulipoteremka upande wa pili ukungu ulibaki nyuma yetu na jua likawa kali, migunga na mavumbi na mbuzi.

Nilimkuta barazani, kwenye wodi ya wagonjwa wa kifua. Walikuwa wamekaa mstari mmoja kwenye benchi ndefu ukutani, wanaota jua la alasiri, wengi wao Wamaasai wazee, na wote wanakohoa. Huyu akimaliza anaanza yule. Yeye alikuwa mwisho wa benchi, amejifunga shuka jekundu kama wao, amekonda. Macho yalikuwa yamefumba.

"Fundi," akasema. "Umenunua viatu vipya."

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Kinanda?"

Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia panya walikuwa wamekula mivukuto, kimewekwa stoo, juu yake wamepanga magunia.

Akatikisa kichwa polepole, si kwa huzuni hasa. Tukakaa. Nikampa habari za nyumbani, nani kaoa, nani kafariki. Yule mzee wa mstari wa mbele alikuwa amefariki masika yaliyopita, nikamwambia. Akauliza kama mazishi yalikuwa na watu. Nikasema wengi. Akasema vizuri.

Kisha akasema, "Walikosea, Fundi."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Walikosea. Lakini wote waliguna kwenye so ya chini. Ukumbi mzima. Ndiyo sauti yenyewe, hakuna nyingine ingekaa pale." Akakohoa kwa muda. "Nani aliwapa? Mimi sikuwapa. Nimeliwaza hilo mpaka nimechoka."

Akanyoosha kidole kimoja akakiweka gotini.

"Haya. Tupige."

"Tupige na nini, Mwalimu?"

"Una miguu. Mimi nina mkono."

"Na Gwandu? Na Lazaro?"

"Hao nawasikia. Hawana shida."

Karibu yangu alikaa bibi mmoja wa Kimaasai, masikio yamevutika kwa mapambo, kikohozi chake kilikuwa kikubwa kuliko vyote pale. Alikuwa anatuangalia muda wote. Akauliza kwa Kiswahili cha mnadani, "Nyinyi nafanya nini?"

"Tunapiga muziki, koko," Mwalimu akamwambia, akimwita bibi kwa Kimaa.

"Iko wapi?"

"Inaanza sasa hivi. Nyamazeni kidogo, mpaka iishe." Na safari hii alilisema neno hilo kama mtu anayeomba maji.

Bibi alifikiri. Akageuka akasema maneno ya Kimaa kwa wenzake, na neno likapita kwenye benchi, mtu kwa mtu, mpaka mwisho.

Mwalimu akainua kidole. Nikaanza kukanyaga sakafu.

Siwezi kueleza vizuri. Nilikanyaga saruji, vidole vyangu vikitembea juu ya mapaja, na hakukuwa na sauti yoyote ila viatu vyangu, navyo nilivivua upesi. Nikamsikia Gwandu. Nasema kama nilivyohisi, sidai zaidi. Nikasikia ule uzi wa breki. Lazaro akaguna, tukazama wote, na kwenye kimya cha kwanza hakuna aliyeingia. Kidole cha Mwalimu kilisimama hewani, kikatua tena. Kipande cha pili. Cha tatu. Nilijua mahali pote. Miguu ilikuwa imeweka kila kitu. Kwenye kimya cha tatu ndipo nilipogundua kwamba baraza lote halikohoi. Hata mmoja. Mbuzi alilia mbali, kengele yake ikalia kidogo, ikazama.

Kisha kile cha mwisho, kirefu kuliko vyote.

Nilikuwa bado ndani yake nilipoona kidole cha Mwalimu kimeshuka, kikagonga goti mara tatu, taratibu, kikalala. Kwake ulikuwa umekwisha. Sijui ni yeye aliyewahi au ni mimi niliyechelewa. Ni kawaida yangu kukosea pale, lakini safari hii sikuwa na haraka hata kidogo. Yeye alikuwa amefumba macho, ameegemea ukuta. Kwangu mimi bado ulikuwa unaendelea. Ningeweza kusimama kwa heshima yake. Sikusimama. Nilibaki mle ndani mpaka nikaona mti umerudi, nikapiga zile sauti tatu ndogo, miguu ikatulia.

Yule bibi alikuwa ameinama, macho kwenye nyayo zangu, shuka limekandamizwa mdomoni kwa mikono miwili. Alisubiri kidogo zaidi kuhakikisha. Akaniangalia usoni. Nikamwitikia kwa kichwa, na hapo akaachia kikohozi alichokuwa amekibana, kikohozi kikubwa cha kumkunja mwili, na benchi nzima ikafuata, kila mtu na chake, baraza likajaa. Mwalimu naye akakohoa pamoja nao, machozi yakimtoka, na katika kukohoa kwake nilisikia kama anacheka, ingawa siwezi kuapa.